Maombi ya Digrii Tano

Mgeni anayefika kwenye ghala la maparachichi la kikundi cha wakulima, nje kidogo ya Eldoret barabara ya kwenda Plateau, hushangazwa kwanza na jaketi la Perez. Jua la mchana linawaka, wapakiaji wamebaki na vesti, na yeye anapita katikati yao amejifunga jaketi zito mpaka kidevuni, kofia ya sufu imemfunika masikio, utadhani ana malaria. Vijana wa bodaboda walimbandika jina zamani: Mama Friji. Hakukasirika. Kuna watu wanaitwa Daktari, kuna wanaoitwa Mwalimu, na yeye kazi yake ni baridi. Akiwa na raha huwajibu, "Friji imefika! Nani anataka kupozwa?"

Baridi aliizoea tangu utotoni. Mama yake alikuwa akiuza samaki upande wa Kendu Bay, na Perez alijua mapema kwamba samaki haozi siku anayokaa sokoni. Huanza kuoza siku anayotoka majini, mwenyewe akizubaa. Barafu ilifika nyumbani imefungwa kwa gunia na maranda ya mbao, na ole wake mtoto aliyefungua gunia achungulie. Alipokua alienda Naivasha akafanya kazi kwenye stoo za maua ya waridi, akasomea mambo ya kuhifadhi mazao, kisha akaolewa na mwalimu Okeyo wa hapa Eldoret. Hivyo ndivyo alivyoingia katika boma la Mzee Eliakim Omollo wa mtaa wa Munyaka, na katika maombi yake.

Mzee Eliakim ni baba mkwe wake. Alikuja Eldoret akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, kisha akanunua shamba huko Plateau na kupanda miti ya maparachichi wakati majirani wote walikuwa wakimcheka. Hii ni nchi ya mahindi, walimwambia, wewe unapanda kivuli. Leo wale wale waliocheka ndio wanachama wa kikundi, na yeye ndiye mwenyekiti. Ni mrefu, mkavu, havui suti yake ya kijivu hata akienda shambani, na kanisani kwake ni mzee wa kanisa. Sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

Na akisali, anasali. Huanza na uumbaji wa mbingu na nchi, siku ya kwanza mpaka ya sita, bila kuruka. Akitoka hapo hupitia viongozi wa serikali, huwaombea wagonjwa wodi kwa wodi, hushukuru kwa mvua, hukemea nzige, na anapofika kwenye jambo lililowakutanisha, kuna mama mmoja tayari anakumbuka kwamba aliacha sufuria jikoni. Kikundini ikawa desturi kwamba mzigo hauondoki bila sala ya Mzee Eliakim, na milango ikiwa wazi. Baraka haipiti kwenye chuma, alisema. Lazima mkono wake uguse maboksi.

Sasa, parachichi likichumwa halijafa. Linapumua na kutoa joto lake, na likiachwa litajiivisha lenyewe. Kazi ya Perez ni kulilaza. Linaingizwa stoo ya baridi, digrii tano, mpaka baridi ifike kwenye kokwa, ndipo linahamishiwa kwenye kontena yenye mashine yake ya baridi. Kutoka hapo ni lori mpaka Mombasa, halafu meli, zaidi ya mwezi baharini mpaka Ulaya, nalo limelala fofofo. Wengi hudhani ile kontena ni friji ya kupoza. Siyo. Inatunza tu baridi iliyoingia na mzigo. Parachichi likishaamshwa njiani halibembelezwi likalala tena.

Mwaka jana kikundi kilipeleka mzigo wa kwanza kwa meli. Mnunuzi wa Uholanzi alipofungua kontena, maboksi ya mlangoni yalikuwa yamelowa na kuota ukungu, na matunda yake yamelainika kama uji. Ya kule ndani kabisa yalikuwa magumu, lakini nani atachagua punje nzuri kwenye gunia lililooza? Mzigo wote ulikataliwa. Habari zilipofika, maneno yakaanza. Wakulima walisema Mama Friji alilala na mashine ikalala naye. Kiptoo wa Plateau, aliyeng'oa mahindi yake kwa kumsikiliza Perez, alinoa panga na kutangaza mbele ya wenzake kwamba mzigo mwingine ukirudishwa, miti yake yote inalala chini na yeye anarudia mahindi. Wengine wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mnunuzi naye alisema atawapa nafasi moja tu tena.

Perez hakuhitaji kupiga ramli. Uharibifu ulikuwa mlangoni, na alikumbuka vizuri hiyo milango. Ilifunguliwa, kwaya ikaimba, kila mkulima akapiga picha na boksi lake, halafu Mzee Eliakim akaanza uumbaji. Muda wote huo hewa ya moto ilikuwa ikiingia, inagusa maboksi ya baridi na kugeuka maji. Matunda ya mlangoni yalikuwa macho kabla lori halijawasha injini.

Aliyajua hayo yote na hakusema. Kwao mkaza mwana hamsahihishi baba mkwe, sembuse mbele ya watu, sembuse katika jambo la sala. Ukweli ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Kibaya zaidi, Mzee Eliakim naye alikuwa ametafuta chanzo cha hasara na akakipata. "Mwaka jana tuliomba haraka haraka," aliutangazia mkutano. "Mwaka huu tutaomba sawasawa."

Perez aliposikia hivyo, hakungoja kesho. Jioni akamwendea mumewe, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani.

"Okeyo, tafadhali mwambie baba afupishe. Ama afunge mlango kwanza. Wewe ni mtoto wake."

Okeyo akaweka chini kalamu nyekundu. "Mimi? Siku ya harusi yetu si nilimnong'onezea tumechelewa? Akafanya nini?"

"Akaanza upya."

"Akaanza upya. Na wali?"

"Wali ukapoa," Perez alikubali, na ingawa alikuwa na huzuni akacheka.

Siku ya pili alimwendea Osman, mwenye lori litakalovuta kontena mpaka Mombasa. Osman ni mtu wa maneno mengi na roho nyeupe, na Perez alifikiri mtu wa nje huenda akafaa. Osman alimsikiliza, akasukuma kofia yake nyuma, akaangua kicheko.

"Mama Friji, wewe unanipenda kweli? Mimi Osman, niende niambie mzee wa kanisa apunguze maombi? Kesho Eldoret mzima inasema Osman anapigana na kanisa! Hapana, mama. Hiyo kengele ya paka tafuta mtu mwingine wa kuifunga. Mimi nitaomba dua yangu kimyakimya ndani ya lori, na mlango yangu imefungwa."

Perez alikuwa amekwisha kugeuka aende zake. Akasimama. Mlango umefungwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Perez zilisisimka zote chini ya kofia ya sufu.

Siku ya kupakia, wakulima walifika mapema na nguo za kwenda kanisani. Kontena ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa kupakilia, mashine yake inanguruma. Mzee Eliakim alishuka garini na suti yake ya kijivu. Perez alimwendea, akasimama mbali kidogo na macho chini, kama inavyompasa mke wa mwanawe.

"Baba, nilikuwa na ombi."

"Sema, nyar Kendu." Ndivyo alivyozoea kumwita, yaani binti wa Kendu.

"Mwaka jana tuliombea avokado kwa kontena, na mkono wako ulifika tu zile boksi za mlangoni. Sasa nilikuwa nafikiria, si tuziombee ndani ya stoo, kabla hazijaanza safari? Huko unaweza kupita katikati uguse zote."

Mzee alifikiri. "Boksi zote?"

"Zote, Baba. Lakini stoo lazima mlango ifungwe."

"Si ifungwe! Hata maandiko yanasema ukisali ufunge mlango. Hiyo imekaa vizuri sana."

"Na kuna jaketi hapa, kama utahitaji," Perez aliongeza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Mtu haendi mbele ya Mungu na jaketi ya kazi," alijibu Mzee, akanyoosha tai yake na kuingia.

Waliingia naye wote walioenea, Kiptoo akiwa mbele. Perez akavuta mlango ukafunga. Mafeni ya stoo yalikuwa yanavuma, pumzi za watu zikawa moshi. Mzee Eliakim alipandisha sauti juu ya mafeni akaanza, kama kawaida, na uumbaji. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, anga lilipotenganisha maji na maji, akina mama wakaanza kusogeleana. Siku ya tatu, pale miti ya matunda inapoumbwa, meno ya Mzee yakaanza kugongana yenyewe. Huenda aliona kwamba parachichi nalo ni mti wa matunda na hakuna haja ya kwenda mbali, kwa maana aliyaombea hapo hapo, akagusa maboksi akitembea kwa kasi ya mwanariadha wa Kaptagat, na kusema amina akiwa tayari ameshika komeo la mlango. Toka waanze kumjua, hakuna aliyewahi kusikia sala ya Mzee Eliakim ikikatika siku ya tatu.

Watu walitoka wakicheka na kusuguana mikono. Kwa mara ya kwanza wapakiaji walianza kazi watu wakiwa bado na nguvu. Perez alimpelekea Mzee kikombe cha chai ya tangawizi, na moyoni alikuwa anaruka kama ndama.

Mzee alikishika kile kikombe kwa mikono yote miwili. Hakunywa. "Nyar Kendu," alisema polepole, "ulijua hiyo baridi itanifupisha."

Hapo angeweza kudanganya, na uongo wa heshima ungesameheka. Lakini alikuwa amechoka na mwiba wake. "Nilijua, Baba."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Akamweleza. Mlango uliokaa wazi, hewa ya moto, maji juu ya maboksi, matunda yaliyoamka. Alieleza yote akitazama viatu vyake, na alipomaliza hakuthubutu kuinua uso.

"Kwa hivyo ile mzigo ya mwaka jana iliharibiwa na mimi."

"Ni mlango, Baba."

"Na mlango ilikaa wazi kwa sababu ya nani?"

Mzee aliweka kikombe chini, akavuka uwanja mpaka mwisho, akakaa juu ya kreti tupu akiwapa watu mgongo. Furaha yote ilimtoka Perez. Alijiona ni mtu mbaya, aliyemvua mzee wa watu nguo hadharani ingawa hapakuwa na mtu aliyesikia. Angemfuata amwombe msamaha, lakini maparachichi hayangoji mtu amalize kulia, kwa hiyo alirudi kwenye mlango wa kupakilia akafanya kazi yake.

Kazi ilikwenda kama maji. Mzigo ulitoka stoo na kuingia kontena bila kuona jua. Maboksi ya mwisho yalipopangwa, lori lilisogezwa mbele kidogo, na Perez akashika mlango mmoja aufunge. Ndipo honi ikalia getini. Gari jeupe liliingia, na nyuma yake basi dogo lenye ngoma na kwaya. Alikuwa Askofu Mulongo mwenyewe. Mzee Eliakim alikuwa amemwalika zamani, kabla ya haya yote, ili mwaka huu maombi yawe na uzito.

Askofu ni mtu mchangamfu. Alisalimia watu huku akitembea, akapanda moja kwa moja mpaka kwenye kontena, akaweka mkono wake mpana juu ya maboksi ya mlangoni. "Wapendwa," alisema, "tuinamishe vichwa."

Vichwa vyote viliinama. Kofia zikavuliwa. Kiptoo aliinama chini kuliko wote. Upepo wa moto wa mchana ulipita juu ya visogo vyao ukaingia kontena bila hodi, na Perez aliona vitone vya kwanza vya maji vinaanza kumeta juu ya boksi la juu. Baba mkwe kwao hasahihishwi, na huyu sasa ni askofu! Alisimama pale na jaketi lake zito, machozi yanamlenga, anautazama mwaka wa jana ukirudi mbele ya macho yake.

"Askofu, samahani."

Ilikuwa sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mzee Eliakim alikuwa amesimama chini, mbele ya mlango wa kontena.

"Mzee wangu!" alisema Askofu. "Panda tuombe pamoja."

"Tutaomba. Lakini kwanza shuka."

Watu waliinua vichwa, wengine wakiwa na jicho moja bado limefumba. Mzee akawageukia.

"Mwaka jana nilisimama hapo Askofu amesimama. Niliomba mpaka nyinyi wengine mkachoka miguu, na hii mlango ilikuwa wazi hivi hivi. Joto iliingia, avokado ya mlangoni ikaharibika. Si Mungu alikataa maombi yetu. Na si Perez alilala. Nimesikia mkisema, na nilinyamaza kwa sababu hata mimi nilifikiria hivyo." Alimtafuta Kiptoo kwa macho. "Ni mimi. Kiptoo, hasara yako ilitoka kwa hii mikono. Nisameheni."

Mzee Eliakim kuomba msamaha! Wapakiaji walitazamana. Perez alifunika mdomo kwa ncha ya kofia yake, na sasa machozi yalikuja yenyewe bila kuombwa ruhusa.

"Huyu mtoto alijua," Mzee aliendelea, akimwonyesha, "na sisi wote hatukumpa nafasi ya kusema. Sasa, Askofu, wewe funga macho. Sisi tunafunga mlango."

Askofu alimtazama, akatazama mkono wake juu ya boksi, akaangua kicheko kilichowafikia mpaka watu wa kwaya. Alishuka. Mzee Eliakim akashika mlango mmoja na Perez akashika wa pili, wakaisukuma pamoja mpaka ikagongana, na makomeo yakaingia mahali pake. Askofu aliweka mkono kwenye chuma akaomba, tena vizuri, na kama baraka ilishindwa kupita hakuna aliyelalamika. Wa kwanza kuitikia amina alikuwa Osman, aliyekuwa tayari kwenye usukani na injini inanguruma.

Kiptoo alimfuata Perez baadaye, anazungusha kofia mikononi. "Mama, mimi ndiye nilisema sana. Usiweke kwa roho."

"Nitaweka wapi? Stoo imejaa," Perez alijibu, na wote wawili wakacheka.

Meli haina haraka. Kusubiri kulimkondesha Perez, akawa anaamka usiku kwa kuota maboksi yaliyolowa, mpaka Okeyo akamwomba aote kitu kingine. Ujumbe wa mnunuzi ulipoingia kwenye simu ilikuwa Jumapili, kanisa limetoka. Aliusoma amesimama katikati ya barabara ya Munyaka, akausoma tena, halafu akakimbia mpaka kwa baba mkwe bila hata kukumbuka kwamba mke wa watu hakimbii hovyo.

Mzee Eliakim alikuwa amekaa nje na wazee wenzake wa kanisa. Alipomwona anavyohema, alisimama.

"Imefika, Baba. Wameichukua yote. Wanataka ingine."

"Na zile za mlangoni?"

"Ngumu kama mawe."

Mzee alitoa kitambaa mfukoni akajifuta uso kwa muda mrefu mno kwa mtu ambaye hakuwa na jasho. Kisha akavuta kiti akakiweka kando ya chake, pale wanapokaa wazee, akakipiga kwa kiganja. Perez alisita. Mkaza mwana hakai hapo. Wazee wengine walitazama pembeni, mmoja akakohoa.

"Keti, nyar Kendu," alisema Mzee. Perez aliketi ukingoni, tayari kuinuka. Mzee akainama kumwelekea, lakini sauti yake ni ile ile, na Munyaka nzima ilisikia. "Kuanzia leo ukiona nimekosea, niambie kwa mdomo, hata kama watu wamejaa. Usinitie kwa friji tena."